Sakafu ya Mbao katika Pikapu Iliyofupishwa

Pikapu ya Marekani ya katikati ya karne ya ishirini, ambayo wapenzi wa magari ya kale huitafuta leo kwa fedha nyingi na subira ndefu, ilitoka kiwandani na fremu ya chuma, chumba cha dereva cha chuma na kuta za nyuma za chuma, lakini pale hasa palipobeba shehena, yaani sakafuni, aghalabu palitandikwa mbao. Watengenezaji walikuwa na sababu zao. Bati likiangukiwa na jiwe hubonyea, na likishabonyea hukusanya maji, na maji yaliyotuama huzaa kutu. Ubao hupokea pigo lile lile ukabaki na alama tu, na hata ukivunjika, hung'olewa huo peke yake ukawekwa mwingine, kazi ambayo mkulima wa Iowa au Kansas aliweza kuifanya mwenyewe ghalani mwake bila ya kumwita mhunzi. Baina ya ubao na ubao ulipita upao wa chuma, uliokalia kingo za mbao mbili na kuinuka kidogo juu ya uso wake, ili masanduku na mapipa yateleze juu ya chuma na mbao zisalimike. Chevrolet waliishika desturi hii katika pikapu zao za Stepside, zile zenye madigadi nje ya kuta, hata mwaka 1987. Na Dodge, walipotaka kuuza pikapu ya fahari katika miaka ya 1978 na 1979, ile iliyoitwa Li'l Red Express, waliitia mbao za mwaloni sakafuni na ubavuni, kitu cha kazi kikawa sasa pambo.

Pikapu hizo ziliuzwa kwa urefu wa namna mbili, na ndefu ndiyo iliyonunuliwa na wakulima na makandarasi, kwa kuwa mtu anayenunua gari la kubebea hununua nafasi. Miaka hamsini baadaye mizani imegeuka. Gari ambalo halibebi tena magunia hutazamwa kwa umbo lake, na kwa umbo fupi ndiyo inayotamaniwa, basi bei yake imepanda, ilhali ndefu, zilizokuwa nyingi tangu mwanzo, zimebaki mashambani na nyuma ya gereji zikiuzwa kwa bei nafuu. Ndipo ikaenea sanaa ya kuchukua pikapu ndefu na kuifanya fupi; sanaa halali kabisa kwa maoni yangu, iwapo mwenye gari hataificha siku ya kuuza, na iwapo atakumbuka kwamba anachokipunguza ni viumbe viwili vyenye tabia mbalimbali, chuma na mti.

Nachukua mfano wa Chevrolet C10 ya miaka ya 1967 hadi 1972, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana na wengi wamekwisha kuifupisha. Katika C10 ndefu, kitovu cha gurudumu la mbele na kitovu cha gurudumu la nyuma hutengana kwa inchi 127, na sanduku la nyuma lina urefu wa inchi 98. Katika fupi, vitovu hutengana kwa inchi 115, na sanduku lina inchi 78. Tofauti ya masanduku ni inchi 20, yaani takriban sentimita 51, na tofauti ya vitovu ni inchi 12. Msomaji akitoa hii ya pili katika ile ya kwanza atabakiwa na 8, na hisabati hiyo ndogo ndiyo ramani ya kazi nzima: fremu hupunguzwa inchi 12 mbele ya ekseli ya nyuma, na inchi 8 nyuma ya ekseli hiyo, wala haikatwi inchi 20 mahali pamoja. Sanduku nalo hufuata hesabu ile ile kwa sehemu zile zile, la sivyo gurudumu halitakaa katikati ya tao lake, na kasoro hiyo huonekana hata na mtoto apitaye njiani.

Kuhusu chuma nitasema kwa ufupi, kwa kuwa fani yangu ni mbao. Fremu isikatwe wima kwa mstari mmoja. Hukatwa kwa kidato, ili mshono wa kulehemu usiangukie mahali pamoja kutoka juu hadi chini, kisha hutiwa bamba la kuimarisha kwa ndani. Kila kinachoishika ekseli kisogee pamoja nayo kwa kipimo kimoja. Shafti hupunguzwa na kusawazishwa upya, mabomba ya breki na waya wa breki ya mkono hurekebishwa, na kulehemu hufanywa na mtu aliyethibitishwa katika kazi hiyo na kukaguliwa na mwingine asiyekuwa yeye, kwani roho za watu zitapita barabarani juu ya mshono huo. Tangi la petroli la C10 za miaka hiyo liko ndani ya chumba cha dereva, nyuma ya kiti, kwa hiyo halisumbuliwi na msumeno. Kuanzia toleo la 1973 lilihamishiwa ubavuni mwa fremu, na mwenye gari la toleo hilo ana mashaka mengine zaidi ya kuyawaza.

Neno ninalotaka kulithibitisha ni hili, kwamba sakafu ipangwe kabla fremu haijakatwa. Mafundi wengi hufanya kinyume: hukata, hulehemu, hupaka rangi, hurudisha sanduku, halafu siku ya mwisho, fedha zikiwa zimekwisha na moyo umechoka, huagiza mbao kama mtu anayeagiza zulia. Hapo sakafu hulazimishwa kufuata kila kosa lililotangulia, nayo, kwa kuwa mbao ni nyofu na mistari yake ni mirefu, huyatangaza makosa hayo yote bila ya huruma. Ukuta wa bati ukienda upande kwa upana wa unyasi hakuna atakayeona; lakini ubao wa mwisho ukianza na upana wa sentimita 15 mbele na kuishia na sentimita 14 nyuma, kila ainamaye kutazama atajua kwamba sanduku si mraba.

Tutazame basi kilicho chini ya mbao. Kutoka ubavu hadi ubavu hupita mataruma ya chuma, ambayo juu yake zimelala mbao na chini yake imelala fremu. Taruma moja liko mbele kabisa, moja nyuma chini ya mlango, na mengine yamegawanywa katikati, mbele na nyuma ya matao ya magurudumu. Ukipunguza inchi 12 mbele ya ekseli na inchi 8 nyuma yake, hapana budi taruma moja litaangukia mahali panapotolewa, au mawili yatakaribiana mno, na upande wa pili patabaki pengo pana. Ubao wenye unene wa milimita 19, ambao ndio unene wa kawaida wa sakafu hizi, hubeba mzigo vizuri iwapo mataruma yako karibu; pengo likipanuka huanza kuyumba chini ya mguu, na ubao unaoyumba huilegeza kila nati iliyo jirani yake. Kwa hiyo chora mataruma kwanza, juu ya karatasi iliyotandazwa sakafuni kwa kipimo chake halisi, uhakikishe kwamba yamegawanyika kwa insafu katika urefu mpya wa inchi 78, ndipo uchague mahali pa kupitisha msumeno.

Jambo la pili lililofichika liko katika zile pao. Pao za pikapu ndefu zimetobolewa kiwandani matundu ya mraba, yaliyofuata nafasi za mataruma ya pikapu ndefu. Fundi mwenye pupa huzikata inchi 20 mwishoni, akazilaza mahali pake, akaona tundu la kwanza limelingana na taruma la kwanza, la pili limepishana kwa upana wa kidole, na la tatu limeangukia penye hewa tupu. Hapo hushikwa na kishawishi cha kutoboa matundu mapya ya duara kwa keekee. Asifanye hivyo asilani. Bolti za sakafu hizi zina kichwa cha mviringo kilicho laini, na chini ya kichwa hicho zina shingo ya mraba. Shingo hukaa ndani ya tundu la mraba, ikaizuia bolti isizunguke nati inapokazwa kutoka chini, mahali ambapo mkono mmoja hupita kwa taabu na mkono wa pili haupiti kabisa. Katika tundu la duara bolti huzunguka pamoja na nati, haikazi wala haifunguki, na siku ubao utakapohitaji kubadilishwa hapatakuwa na njia ila kukata. Mwenye uwezo anunue pao zilizotobolewa kwa ajili ya sanduku fupi, ambazo watengenezaji wa vipuri vya magari ya kale huko Marekani wanaziuza hadi leo. Asiyekuwa nao atoboe tundu dogo kuliko shingo ya bolti, kisha alipanue kwa tupa ya mraba, pembe baada ya pembe, akijaribu bolti kila mara mpaka iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ni kazi ya kuchosha, lakini pao zikishatobolewa hivyo hazimdai fundi tena.

Sasa nafika kwenye mbao zenyewe, na hapa naomba wasaa. Sakafu nyingi za asili za Chevrolet zilikuwa za msonobari wa manjano unaoota kusini mwa Marekani, mti mwepesi kupatikana na wenye nguvu kuliko misonobari mingi, nazo zilipakwa rangi. Mwaloni unaong'aa kwa vanishi, ambao leo hupigwa picha katika kila maonyesho, ni mapenzi ya warekebishaji wa baadaye zaidi kuliko desturi ya kiwanda. Siwalaumu, kwa kuwa mwaloni ni mti mzuri. Lakini anayedai kwamba gari lake limerudishwa katika uasili wake, naye amelitia mwaloni uliong'arishwa, hadai haki. Na pikapu iliyofupishwa imekwisha kuacha uasili kwa dhati yake, kwa hiyo mwenyewe yuko huru kuchagua mti anaoutaka, ila achague kwa maarifa.

Mwaloni uko wa namna mbili ambazo huuzwa pamoja, mweupe na mwekundu, na tofauti yao si ya rangi peke yake. Mishipa ya mwaloni mwekundu iko wazi kutoka mwisho mmoja wa ubao hadi mwingine. Ukikata kipande kifupi, ukachovya ncha yake moja katika maji ya sabuni na kupuliza kwa ncha ya pili, utaona mapovu yakitoka, na kama pumzi yako inapita humo, maji ya mvua nayo yatapita. Mwaloni mweupe, mti unapokomaa, huziba mishipa hiyo wenyewe kwa maumbile yake, na kwa sababu hiyo ndio uliofanywa mapipa na mashua tangu kale. Wa sakafu ya gari ni huu mweupe. Lakini nao una tabia yake: umejaa tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu huzaa weusi ule ule ambao zamani ulifanywa wino. Bolti ya chuma cha kawaida huacha doa jeusi linalosambaa katika ubao, wala doa hilo halitoki kwa msasa, maana limezama. Ndiyo maana bolti, nati na washa za sakafu ya mwaloni ziwe za chuma kisichoshika kutu, hata zikigharimu mara kadhaa ya zile nyingine, na upande wa chini wa kila upao upakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kulazwa.

Tabia kuu ya mti, ambayo wafanyaji wa vyuma huisahau, ni kwamba haufi kwa kukatwa. Ubao huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, ukivimba na kunywea kwa upana wake, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuhofiwa. Huko Phoenix, katika jangwa la Arizona, ubao uliowekwa nje hukauka mpaka unyevu wake ukawa karibu asilimia 5 ya uzito wa mti mkavu katika miezi ya kiangazi. New Orleans, penye mito na ghuba, unyevu huo huzunguka asilimia 14. Gari liendalo kutoka mji mmoja hadi mwingine, au lililotengenezwa katika mmoja na kuuzwa katika mwingine, huipeleka sakafu yake katika tofauti ya asilimia 8 au 9.

Tufanye hesabu kwa asilimia 8. Ubao wa mwaloni mweupe wenye upana wa sentimita 15, uliopasuliwa kwa njia ya kawaida, hubadilika upana kwa takriban milimita 4.4. Hilo si kitu likitazamwa peke yake. Lakini zipange mbao nane ubavu kwa ubavu, na jumla yake inakuwa milimita 35, upana unaozidi vidole viwili. Msonobari wa manjano utabadilika kama milimita 25, na msaji kama milimita 18. Mwaloni ule ule mweupe, ukipasuliwa kwa robo, yaani kwa namna ambayo pete za umri zinasimama wima zikitazamwa kwenye ncha ya ubao, hubadilika nusu tu ya kiasi cha kwanza, ukawa sawa na msaji. Hakuna sanduku la bati linaloweza kuistahimili nguvu ya milimita 35 za mwaloni unaovimba: ama kuta zitasukumwa nje, ama mbao zitainuka katikati, ama pao zitang'oa bolti zake.

Waliounda sakafu hizi mwanzo waliijua hesabu hiyo, na uzuri wa ufundi wao uko hapo. Ukingo wa kila ubao hupunguzwa unene kwa juu, ukafanya kidato; kidato cha ubao huu na cha ubao wa pili huelekeana, baina yao pakaachwa nafasi, na upao hulala juu ya vidato vyote viwili. Bolti hupita katika upao, ikashuka katika ile nafasi, ikafika kwenye taruma bila ya kuugusa ubao. Kwa hiyo ubao haupigwi msumari, haupigwi parafujo, haupakwi gundi. Umeshikwa kwa kubanwa tu, na chini ya kibano hicho una ruhusa ya kwenda na kurudi. Mafundi wetu wa majahazi hukalafati kila mwanya baina ya mbao kwa pamba na mafuta ili bahari isiingie, bali sakafu ya pikapu huachiwa mwanya kwa makusudi, ili mvua itoke na mti upate pa kupanukia. Mtu anayeziba nafasi hizo kwa gundi ya mpira, akidhani anazuia maji, anayafungia maji yale ndani na kuunyima mti haki yake kwa wakati mmoja.

Upana wa nafasi hutegemea unyevu wa mbao siku ya kuzifunga, na hili hujulikana kwa kipima unyevu, chombo kidogo chenye sindano mbili ambacho fundi wa mbao asiwe bila yake. Mbao zilizokauka sana ziachiwe nafasi pana, kwa kuwa njia iliyobaki mbele yake ni kuvimba. Mbao zenye unyevu wa kadiri ya asilimia 14 zisogezwe karibu, kwa kuwa zitanywea, na upao usije ukabaki umekalia ncha ya kidato. Kabla ya yote zikae wiki kadhaa katika banda lile lile litakalofanyiwa kazi, zikiwa zimetenganishwa kwa vipande vya fito ili hewa ipite kila upande.

Kupaka mafuta au vanishi kufanywe kabla ya kufunga, na pande zote sita za kila ubao zipakwe. Nasema sita kwa kuwa wengi hupaka juu, upande unaosifiwa, wakaacha chini, upande unaorushiwa matope na maji ya barabara. Ubao uliozibwa upande mmoja hunywa kwa upande wa pili, ukajikunja. Ncha ndizo zenye kiu kuliko sehemu yoyote, maana mishipa yote inafungukia huko, basi zipakwe mara mbili au tatu zaidi, mpaka zikatae kunywa. Na kila mahali ubao ulipotobolewa au kuchongwa ili kuzunguka tao la gurudumu, pamekuwa ncha mpya, napo papakwe vile vile. Vanishi iwe ile ya vyombo vya baharini, inayostahimili jua na kunyumbulika. Vanishi ngumu ya samani za ndani hupasuka kabla ya mwaka kwisha. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hayang'ai sana wala hayadumu, lakini yakichakaa hupakwa upya bila ya kukwangua, na kwa gari linalofanya kazi ningeyachagua hayo.

Siku ya kufunga, jaribu kwanza bila ya bolti. Pima mshazari wa sanduku kutoka pembe ya mbele kushoto hadi pembe ya nyuma kulia, kisha mshazari wa pili, na usiendelee mpaka vipimo viwili vilingane, au vikose kwa milimita mbili tatu tu. Anza na ubao wa kati, uliowekwa kwenye mstari wa katikati ya fremu, uende nje kulia na kushoto kwa zamu, ili upungufu wowote ugawanywe pande mbili. Mbao zinazopakana na magurudumu zikatwe mwisho kabisa, kwa kielelezo cha boksi kilichojaribiwa mahali penyewe. Katika pikapu iliyofupishwa usiamini kielelezo cha kitabu, kwa kuwa tao limehamishwa kwa mkono na huenda la kulia halikuhamishwa sawasawa na la kushoto. Ziandike nambari kwa penseli upande wa chini, uzitoe, uzipake, uzirudishe. Nati zikazwe nusu kwanza, zote, kisha zikazwe tena kutoka katikati kwenda nje. Upao ukianza kupinda baina ya bolti na bolti, umepita kiasi.

Bolti za aina nyingine ndizo zinazolifunga sanduku zima kwenye fremu, nazo, tofauti na zile za pao, hupenya ubao wenyewe. Matundu yake katika ubao yawe mapana kuliko bolti, yarefushwe kwa upande ambao mti huvimbia, na juu pachongwe mahali pa kulaza washa pana. Kwa kuwa fremu imefupishwa, matundu yake ya zamani hayatalingana tena yote. Mapya yatobolewe mbali na mshono wa kulehemu, na kipande cha mbao ngumu au mpira kiwekwe baina ya taruma na fremu ili chuma kisisage chuma.

Sisi wa Afrika Mashariki, ambako mafundi wa bodi za malori bado wanatandika mbao nzito nyuma ya magari kila siku, tuna miti inayoufaa ufundi huu kuliko mwaloni. Msaji wa mashamba ya serikali ya Longuza, wilayani Muheza, na ya Mtibwa, mkoani Morogoro, una mafuta yake ya asili, hauliwi na mchwa kwa wepesi, na kwa hesabu niliyoitoa hutembea nusu ya mwaloni uliopasuliwa kwa namna ile ile. Kabla ya kupakwa vanishi hufutwa kwa kitambaa chenye thina ili mafuta ya juu yaondoke, na randa yake hunolewa mara nyingi, kwa kuwa mti huu una chembe za mchanga ndani. Mninga nao ni mtulivu mno, hunywea kidogo kuliko miti mingi ninayoijua, na rangi yake haihitaji sifa yangu. Mvule unafaa, ila msumeno ujihadhari na mawe ya chokaa yanayojificha kiinini. Amerika msaji ni ghali sana. Kwetu bei yake huweza kuzungumzika, mradi mbao ziwe na kibali cha misitu na ziwe zimekaushwa, kwani msaji mbichi unaouzwa kandokando ya barabara utakuharibia kazi sawasawa na mti wowote mbichi. Mwenye Land Rover ya kale au Bedford ya baba yake anaweza kuyafuata haya yote bila ya kuagiza ubao hata mmoja kutoka ng'ambo.

Baada ya masika ya kwanza, ingia chini ya gari na spana, uguse kila nati kwa zamu. Iliyolegea ikaze kidogo, robo ya mzunguko inatosha. Na penye ubao uliovimba mpaka ukagusana na jirani yake, ufungue upao, upunguze ukingo kwa randa, uupake mafuta pale ulipopunguza, urudishe. Fanya hivyo tena kiangazi kikiisha.